Birika la Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakipiga pasi nguo zao za Jumapili, aliishi Kindi, mdogo wa mwili, mrefu wa mkia, na kwa maneno ndio usiseme. Jirani yake alikuwa Mzee Nyati, mzee wa kanisa, mwenye pembe nene na sauti ya kutikisa masufuria.

Huyu Mzee Nyati nyumbani kwake alikuwa serikali nzima. Akirudi shambani, du! du! du!, ndama wake wote wanatimua mbio. Wa mwisho wao, Tumaini, alikuwa na mahali pake kabisa pa kujificha: chini ya meza.

"Maji!" ananguruma mzee.

Mkewe, Mama Tumaini, anakuja mbio na birika na beseni, anapiga magoti, anamnawisha. Mzee anakula peke yake, taratibu, wengine wanamtazama. Mpaka apige mbweu, mbweee! ndipo wanasogelea kilichobaki.

Alhamisi moja Kindi alimkuta Mama Tumaini kisimani, analia.

"Kulikoni, shoga yangu?"

"Nimechoka, Kindi. Jumapili nikitoka kanisani nakwenda kwetu mtoni, na Tumaini namchukua. Mtoto yule hajawahi hata kumtazama baba yake usoni."

Kindi aliumia sana. Alimpenda mama huyu. Tena, msimcheke, alimpenda hata yule mzee. Mwaka wa mvua kubwa, mti wenye kiota chake ulipotaka kuanguka, ni Nyati aliyeuegemeza kwa bega kutwa nzima, bila kuombwa. Moyo mzuri alikuwa nao, ila ukubwa ulikuwa umeukalia.

"Nipe mpaka Jumapili," Kindi akasema.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, hodi hodi, huyo Kindi mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina njaa."

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee. Ni huu msiba wa kutawaliwa nyumbani kwako mwenyewe."

Fuuu! Nyati akatoa pumzi, kitambaa cha meza kikaruka. "Natawaliwa na nani? Mtaje!"

"Nani ameshika birika?"

"Mke wangu."

"Na wewe umekaa. Chakula hicho kinakutazama, nawe huwezi kukigusa mpaka yeye aje. Asipokuja je? Si utakaa hapo mpaka Krismasi? Sasa niambie, anayesubiri na anayesubiriwa, mkubwa ni yupi?"

Nyati akatafuna hewa. Akamtazama mkewe. Akalitazama birika kana kwamba limemtukana.

"Lete hapa hilo birika!"

"Taratibu, Mzee," Kindi akasema, mkia wake ukicheza. "Ukubwa wa birika una masharti. Unaanza na mdogo kuliko wote, ili wakubwa wote wakusubiri. Na maji yakimwagika nje ya beseni, watasema birika limekushinda. Kwa hiyo inama vizuri."

"Mimi nishindwe na birika!"

Tumaini akatolewa chini ya meza. Baba yake akapiga magoti, puu! puu! akamwaga maji polepole, ulimi nje kwa umakini. Mtoto alifumba macho mpaka mwisho. Mama Tumaini alikuwa amekaa kitini, hajui afanye nini na mikono yake.

Jumamosi Kindi akarudi tena.

"Birika umelitwaa, Mzee, hongera. Lakini mwiko bado anao nani?"

"Mwiko una nini?"

"Eee! Anayeshika mwiko ndiye anayeamua nani apate tonge kubwa. Na akila kabla ya wenzake, basi ameonyesha njaa imemtawala."

Haya, Nyati akanyang'anya na mwiko. Akasonga ugali, pwata! pwata! jasho likimtoka, ukatoka na mabonge, lakini ukaliwa. Akapakua kwa wote, akala mwisho. Kabla ya hapo alikuwa amemnawisha Tumaini tena, na maji yakamtiririka mtoto katikati ya kwato.

"Baba, unanitekenya!" Tumaini akacheka, kwi kwi kwi, macho kwa macho na baba yake.

Nyati akasimama na birika hewani. Hakuwa amewahi kuchekewa na mwanawe. Kitu cha moto kilimpanda kooni, na kilikuwa furaha, ila yeye alidhani ni pilipili.

Jumapili ikafika. Mchungaji Kobe alialikwa kwa chakula baada ya ibada, akafika, kama kawaida yake, wenzake wakiwa wamekwisha kaa. Alimkuta mzee wake wa kanisa amepiga magoti mbele ya Tumaini.

"Bwana asifiwe!" Kobe akasema, shingo imetoka yote. "Mzee Nyati anaosha watu miguu!"

"Hapana, Mchungaji. Nanawisha mikono."

"Mzee, sisi tunatembea kwa minne. Huo mkono wa mtoto ameutoa wapi?"

Nyati akatazama chini. Akaona kwato. Akatazama nyuma, akaona kwato nyingine, zile zile.

"KINDI!"

Chwii! Kindi yuko juu ya kenchi, chini ya paa.

"Umenichezea! Umenifanya mtumishi nyumbani kwangu!"

"Nimekuchezea, Mzee, nakiri, na nisamehe. Lakini hata Bwana wetu alijifunga taulo akainama, na hakuna aliyemdanganya. Kama umechoka, mrudishie Mama Tumaini birika lake."

Mama Tumaini akainuka pole pole. Akapiga magoti kama zamani, akanyoosha kwato kulipokea. Na Tumaini, bila kuambiwa na mtu, akaanza kurudi nyuma, nyuma, kuelekea chini ya meza.

Nyati akaona yote mawili. Akaona magoti ya mkewe yenye sugu, akaona mkia wa mwanawe ukipotelea gizani. Kile kitu cha kooni kikapanda tena, na safari hii alijua si pilipili.

"Keti, Mama Tumaini," akasema kwa sauti ndogo. "Hujanawa."

"Na ukubwa wako, Baba Tumaini?"

"Umepotea. Naomba usitafutwe."

Akapiga magoti mbele yake, akamwagia maji, na machozi yake yakaingia humo humo kwenye beseni. "Nisamehe, mke wangu," akasema, watu wote wakisikia.

Tumaini akatoka chini ya meza, akaja kushika beseni upande wa pili.

Mama Tumaini akainua uso kwenye kenchi. "Kindi, ukipita mtoni kwetu, wasalimie sana. Waambie leo siji."

Kindi akajifuta macho kwa mkia wake, akashuka kuja kunawa.

Nami nimemaliza, wanangu, na funzo ni hili: nyumbani, mkubwa ni yule anayetangulia kuinama.