Picha za Bwana Mnyororo

Nikisema "Hapo kale," ninyi semeni "Tupeleke."

Hapo kale!

Tupeleke!

Hapo kale, wajukuu zangu, kabla babu yenu hajaota hata jino la kwanza, kwenye mteremko mmoja wa milima ya Taita alikaa mama mjane, jina lake Mkawasi. Alikuwa na migomba, viazi, chemchemi isiyokauka, na nyumba ya nyasi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kiswahili alikijua vizuri, maana alikuwa akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, kuuza ndizi stesheni.

Basi siku moja akaja Mzungu na mnyororo. Si wa kufungia mbwa, la! Mnyororo mrefu wa kupimia ardhi. Akauburuta, kwacha-kwacha, akachomeka vigingi. Akapima kondeni, akapima malishoni, akapima hata makaburini. Jina lake Gilisi, kwao Uskoti, lakini watu walimwita Bwana Mnyororo. Ukimwuliza unampimia nani, anajibu, "Napima tu, Mama. Ni kazi."

Ikanyesha mvua siku tatu, hema lake likajaa maji. Siku ya nne jua likachomoza. Mzungu huyo, ametota chepechepe, akabisha kwa Mkawasi na kisanduku cha bati mkononi.

"Mama, picha za kwetu zimelowa. Naomba mahali pa kuzianika."

"Karibu, Bwana. Mgeni hafukuzwi kwa kulowa."

Mkawasi akatoa ungo. Akampa na kibuyu cha maziwa. Mwacheni huyo anywe, ninyi njooni mtazame ungoni.

Picha ya kwanza, wanawake wa Kizungu njiani. Mkawasi akaisogeza karibu na macho. Akaisogeza tena. Wako pekupeku! Wazungu, miguu mitupu, matopeni! Na migongoni wamebeba makapu makubwa, ukanda umepita kifuani, huku mikono yao inafuma soksi.

"Yalaa! Hawa ni watumwa wa nani?"

"Si watumwa, Mama. Ni shangazi zangu. Wametoka kuchimba udongo mweusi, ule tunaouchoma kama kuni."

Wajukuu, mama wa watu akakaa chini! Maisha yake yote hakuwahi kuona Mzungu amebeba hata mwavuli wake mwenyewe.

Picha ya pili, nyumba. Kuta za mawe, lakini paa ni la nyasi, limefungwa kamba lisipeperuke. "Nyasi kama zangu?" "Kama zako, Mama."

Picha ya tatu, nyumba ile ile. Paa hakuna. Sufuria zimetupwa nje, kitanda kiko nje, na mwanamke ameketi juu ya jiwe amempakata mtoto, anatazama mbele kama aliyekufa macho.

"Huyu amefiwa?"

"Huyo ni mama yangu," Gilisi akasema. "Mtoto ni mimi. Mwenye ardhi alitaka nafasi ya kondoo wake. Askari wakabomoa paa."

"Kwa kondoo?" Sauti ya Mkawasi ikapasuka. "Watu walitolewa kwa ajili ya kondoo? Ilianzaje?"

"Mama alinisimulia. Kwanza alikuja mtu wa kupima. Mpole, mwenye adabu. Mama alimpa maz…"



Akakitazama kibuyu mikononi mwake. Mkawasi naye akakitazama. Kisha wote wawili wakaugeukia mnyororo, umelala mlangoni.

"Bwana," Mkawasi akasema polepole, "hao waliokutuma huku kwetu wanataka kufuga nini?"

Kibuyu kikaanguka, maziwa yakamwagika. Mzungu akashika kichwa. "Ng'ombe, Mama. Kuanzia chemchemi yako hadi bondeni. Wallahi, sikuwahi kuziweka hizi habari mbili pamoja."

Hakuaga. Alitoka mbio hadi chemchemini, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mikono, akang'oa cha pili, mpaka kucha zikatoka damu. Akawaandikia wakubwa zake kwamba mteremko ule ni mawe matupu, haufai. Lakini msishangilie! Ramani ya bonde alikuwa ameshaipeleka. Bonde likachukuliwa, nyumba arobaini zikavunjwa. Mteremko ukabaki. Gilisi akafukuzwa kazi, na Mkawasi akawapokea wa bondeni, akiwagawia viazi na maji, asiache hata siku moja kuwauliza wageni, "Umetumwa na nani?"

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami nawaambia, wako walioumwa na nyoka, wakakua, wakaajiriwa kumfuga. Mkipewa kazi, wanangu, ulizeni itamlaza nani nje.

Kisa kimekoma, koo limenikauka. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia akaulize kwa mwenzake.