Marahaba Iliyochelewa

Wapendwa, kulikuwa na mzee mmoja, fundi redio mstaafu. Binti yake wa pekee alikuwa mhandisi, naye akafariki. Aliacha kompyuta ndogo, kibao tu cha kuenea kiganjani, alichokitengeneza kipime maji ya tangi la nyumbani na kuandika taarifa kwenye skrini. Mzee akasema, "Lazima hiki kiseme. Ndicho kilichobaki cha mwanangu."

Akajifungia chumba cha binti. Taa ya kibao inawaka, skrini tupu. Nyaya za kuiunganisha na kibao zilikuwa zimechomoka; akaziunga upya kwenye pini, vile vijino vya chuma, akabadili mipangilio, akaandika kwa herufi kubwa: UPO? Kimya. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mkewe analeta chai, chai inapoa. Mnaujua upweke wa nyumba yenye watu wawili? Mnaujua, msijifanye.

Mwishowe akampigia simu fundi aliyekuwa akifanya kazi na binti yake, akamweleza.

"Shikamoo mzee. Umeungaje nyaya?"

"Kama nilivyounga redio miaka arobaini. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Pini ya kusemea kwa pini ya kusemea, ya kusikilizia kwa ya kusikilizia."

"Basi hiyo ndiyo shida, mzee wangu. Umeunga mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Pande zote, kibao na skrini, zinasema, hakuna anayesikia. Pishanisha hizo nyaya mbili."

Akazipishanisha. Skrini ikaandika: *Shikamoo baba. Shikamoo mama. Tangi limefika nusu.* Baada ya dakika moja, tena. Binti ndiye aliyekipanga kisalimu hivyo. Mwezi mzima kilikuwa kinasalimu, na hakuna aliyeitikia!

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, akalia kwa sauti. Kisha akaita, "Mke wangu! Njoo, mwanetu ametusalimu!"

Akaenda kumtafuta. Jikoni jiko ni baridi. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kwa dada yangu. Nilikuaga juzi, nimesimama mlangoni na begi mkononi. Nikakwambia, siwezi kumlilia mtoto peke yangu. Ukanijibu bila kugeuka, 'Weka hapo mezani.'"

Ndugu zangu, mnamcheka? Mimi simcheki. Sisi tukiumia tunasema, na wenzetu wakiumia nao wanasema, na kila mmoja analala akiamini kwamba hakuna anayemjali. Hata kwa Mungu tunakwenda na mdomo tu, tukisema amina tunanyanyuka. Yule mzee hakukosa mtu wa kuzungumza naye. Alimkosa akiwa amesimama mlangoni. Na nani amesimama mlangoni kwetu sisi, leo hii, na begi mkononi?

Nilikuwa na hoja mbili zaidi hapa kwenye karatasi. Nitaziacha. Mke wangu amekaa pale safu ya tatu, na tangu Alhamisi ana jambo anataka kuniambia. Tusimame tuombe, kwa kifupi.