Mitungi Sitini ya Bwana Ngurumo

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshaanza kutembea na simu, Pimbi alikuwa mfinyanzi katika kijiji cha Mwambani. Mnamjua Pimbi? Ni mdogo, hana mkia, ukimwona kwa mbali utadhani ni panya aliyeshiba. Lakini mikono yake! Mtungi wa Pimbi ukiugonga kwa kidole unalia ngiii, wala hauvuji.

Shida yake ilikuwa mahali pa kuuzia. Katika soko la Mwambani mwenye ubavu ndiye aliyekaa langoni. Kiboko alipanga mitungi yake upande huu wa lango, Tembo akapanga yake upande ule, na Pimbi akasukumwa mpaka nyuma ya choo. Haya, nani atakwenda kununua mtungi nyuma ya choo?

Tena mitungi ya hao wakubwa ilikuwa mibovu, nawaambieni ukweli. Kiboko alikuwa na udongo mzuri wa mtoni, lakini kuni zake zilikuwa mbichi, kwa hiyo mitungi yake haikuiva. Tembo alikuwa na kuni kavu tele, lakini udongo wake ulikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo mitungi yake ilipasuka. Wangepeana, wote wangenufaika. Hawakupeana. Walikuwa wamenuniana miaka miwili, tangu siku Tembo alipokanyaga shimo la udongo la Kiboko, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze kusema.

Siku moja Pimbi akaupiga picha mtungi wake, akaiweka picha mtandaoni na maneno haya: "Mitungi inauzwa, haivuji." Kabla ya jioni, ti! Ujumbe umeingia. Ulitoka kwa Mama Twiga, ng'ambo ya mlima.

"Naoza binti. Nataka mitungi sitini ya togwa kabla mwezi haujaisha. Nitalipa mkokoteni mzima wa mtama. Unaweza?"

Pimbi akajibu, "Naweza." Kisha akakaa chini, akajishika kichwa. Mitungi sitini! Yeye alizoea kutoa sita kwa mwezi, kwa sababu nusu ya siku aliimaliza akitafuta udongo, na nusu nyingine akiokota vijiti vya kuchomea.

Kukataa hakuweza. Ghala lake lilikuwa tupu. Bila ule mtama ingembidi arudi kwa Fisi kufua na kupiga deki, na watoto wake watatu walale kwenye banda la Fisi. Nanyi mnajua Fisi anavyowatazama watoto wa wenzake. Pimbi akiwaza hilo alitetemeka, na mimi ninayesimulia natetemeka pia.

Akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Unataka nini? Sema upesi."

"Nimepata kazi kubwa, Mzee. Wewe utoe udongo, Tembo atoe kuni, mimi nifinyange. Mtama tutagawana sawa sote watatu."

"Na Tembo? Ha! Tena niongozwe na wewe, kitu kinachoenea kwenye kikombe? Ha ha ha! Ondoka hapa nisije nikakukanyaga bure."

Akaenda kwa Tembo. Tembo hata hakumwona. "Nani anaongea?" akauliza, akatazama juu, akatazama kushoto, kisha akaendelea kutafuna majani yake.

Pimbi akarudi nyumbani akilia. Alilia kwa hasira, akainama juu ya mtungi wake mkubwa kuliko yote, akapiga kelele ndani yake: "Wapumbavu!"

Mtungi ukajibu: "WAPUMBAAAVUUU!"

"Kha!" Pimbi akaruka nyuma. Kisha akafuta machozi, akautazama ule mtungi vizuri.

Kesho yake akanunua laini mpya. Mahali pa picha yake akaweka picha ya mlima, na jina akaandika Bwana Ngurumo. Akaingiza kichwa na simu ndani ya mtungi, akampigia Kiboko.

"HALOOO! KIBOKO HUYO?"

Kiboko alikuwa amelala majini. Chubwi! Akasimama. "Ndiyo! Nani mwenzangu?"

"BWANA NGURUMO! NANUNUA UDONGO!"

Sauti nene namna ile! Kiboko akaona huyu lazima ni mkubwa kama nyumba. Akapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo, mkubwa!"

Huko ndani ya mtungi Pimbi akauma pindo la kanga asicheke. Mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na Kiboko alikuwa rika moja na babu yake Pimbi.

"MARAHABA, MWANANGU! LETA UDONGO KWA KARANI WANGU, PIMBI. KAZI IKIISHA UTAPATA THELUTHI YA MTAMA."

"Pimbi? Yule kadogo ka..."

"UNA NENO?"

"Sina, mkubwa! Sina neno kabisa!"

Kwa Tembo ikawa vilevile. Shikamoo, magoti chini, kuni kesho asubuhi.

Kisha Bwana Ngurumo akafungua kundi kwenye simu, akawaweka Kiboko, Tembo na karani wake Pimbi humo, na agizo lake lilikuwa moja: kila anayeleta mzigo aupige picha na kuwaonyesha wenzake. Kwa kuwa vidole vyao vilikuwa vinene mno kuandika, walituma ujumbe wa sauti. Kila asubuhi ungesikia, "Shikamoo, mkubwa, udongo uko njiani," halafu, "Shikamoo, mkubwa, kuni hizi hapa."

Basi kazi ikaenda! Pimbi hakutembea tena kutafuta chochote. Alisema tu kwenye kundi kwamba kuni zimebaki mzigo mmoja, na kabla ya saa sita Tembo alikuwa uani anatua. Kiboko akiona picha ya kuni za Tembo alfajiri, aliona haya kulala, akakurupuka na udongo. Pimbi alikaa chini tangu asubuhi akifinyanga tu, mitungi minne kwa siku.

Siku ya tisa Kiboko akasema kwenye kundi, "Tembo, leo usilete. Mitungi bado haijakauka, utachosha mgongo bure."

Kisha Tembo akajibu, "Asante. Na ile njia ya shimoni kwako nimeiacha. Nazunguka juu."

"Umefanya vizuri."

Miaka miwili ya kununiana iliishia hapo, kwa maneno mawili matatu ya simu.

Siku ya kumi na mbili nusura mambo yaharibike. Pimbi alikuwa katikati ya kuongea na Kiboko, "NATAKA UDONGO LAINI ZAI..." na mtungi ukateleza. Pwaaa! Vipande chini.

"...di," akamalizia kwa sauti ya kifaranga.

"Mkubwa? Mbona sauti imepungua?"

"Mtandao!" Pimbi akalia. "Mtandao mbaya!"

"Aa, huo mtandao!" Kiboko akasikitika. "Hata huku kwetu unasumbua."

Mwezi ulipokaribia kwisha, mitungi sitini ilikuwa imechomwa na kupangwa uani, myekundu, imeiva. Kiboko na Tembo walikuja kuitazama. Walisimama bega kwa bega. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona mitungi mizuri iliyotokana na jasho lake.

"Ngoja nimpigie mkubwa nimpe habari njema," Kiboko akasema.

"Na mimi unisalimie," akasema Tembo.

Kiboko akapiga. Krrii! Krrii! Simu ikalia kwenye fundo la kanga ya Pimbi. Maskini, alisahau kuizima! Kiboko akakata, ikanyamaza. Akapiga tena. Krrii! Krrii!

"Pimbi. Mkubwa yuko wapi?"

Pimbi akatazama lango la ua. Tembo alikuwa amelijaza lote. Basi akainamia mtungi uliokuwa karibu, akasema, "HALOOO, MWANANGU."

Kiboko akatweta. "Nilikuamkia! Mimi! Shikamoo kila asubuhi, kwako wewe!"

"Na mimi," Tembo akasema kwa sauti ndogo. "Na magoti nilipiga."

Kiboko akainua mguu juu ya mitungi. Pimbi akawaona watoto wake wamebanana mlangoni. Mwili ukamfa ganzi, lakini mdomo haukufa.

"Mzee Kiboko, theluthi niliyokuahidi nimeibadilisha?"

"Hukuibadilisha."

"Nimekuibia?"

"Hukuniibia."

"Nilikudanganya tu. Nilikuja kwako kwa sauti yangu mwenyewe, ukanifukuza. Sasa vunja ukitaka. Ila salamu zako zote zimo humu," akainua simu, "na kidole changu kiko hapa. Mtungi wa kwanza ukilia pwaa, shikamoo zako zinakwenda kwenye kundi la kijiji kizima."

"Hutathubutu!"

"Za Tembo pia."

Tembo akaruka. "Kiboko, ndugu yangu! Shusha mguu! Taratibu, taratibu, usiguse kitu!"

Mguu ukabaki hewani. Papo hapo magurudumu yakasikika, kokoto kokoto. Mkokoteni wa Mama Twiga huo. Akaingia, akainamisha shingo yake ndefu, akagonga mtungi wa kwanza. Ngiii. Wa pili. Ngiii. Akagonga yote sitini, na Kiboko akiwa amesimama mguu mmoja muda wote huo.

"Sijawahi kuona kazi ya namna hii," Mama Twiga akasema. "Dada zangu nao wataoza mabinti zao mwakani. Niwaambie ni mitungi ya nani?"

Pimbi akafungua mdomo, lakini Kiboko akamtangulia. Alishusha mguu pembeni, mbali na mitungi.

"Yetu," akasema. "Udongo ni wangu, kuni ni za Tembo. Na mikono ni ya Mama Pimbi. Ukitaka mingine, muulize yeye."

Mtama ukagawanywa mafungu matatu sawasawa. Jioni ile Fisi alipita na ndoo na tambara, akauliza kwa upole mwingi kama Pimbi na wale watoto wazuri wako tayari kuhamia kwake. Kiboko na Tembo walikuwa bado uani wakimwaga mtama ghalani mwa Pimbi. Wakageuka wote wawili, wakamtazama. Fisi akaiacha ndoo palepale.

Yangu yameishia hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: simu haikufinyanga mtungi hata mmoja, ila iliwafanya wasiosikilizana wasikilizane, na kusikilizana ndiko kulikojaza ghala.