Kibao cha Babu Kobe na Karani Aliyekwama Mlangoni

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa dirisha.

Nyuma ya dirisha?

Karani.

Na mbele ya dirisha?

Foleni.

Haya, foleni isisukumane. Wewe mwenye njugu, tafuna polepole, nataka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Na najua mtaniambia hadithi ya mchana huotesha mkia. Atakayeota mkia leo auvae tu, mimi usiku nalala.

Hapo kale, wakati ofisi zilikuwa na kivuli na makarani walikuwa na muda, palikuwa na chemchemi moja katikati ya nchi kavu. Penye chemchemi palikuwa na lango, na penye lango palikuwa na ofisi. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Karani wake alikuwa Babu Kobe.

Kila asubuhi Babu Kobe alitoka nje, kru, kru, kru, akavaa miwani, akasimama mbele ya kibao cha mbao kilichopigiliwa ukutani, akaisomea foleni utaratibu wa kuteka maji. Alisoma kwa sauti ya puani, na kati ya mstari na mstari aliuliza habari za watu. Mtoto amepona surua? Yule shangazi yenu aliyehamia bondeni, anaendeleaje? Akifika mstari wa sita jua limeshakuwa kali, lakini hakuna aliyenung'unika. Wanyama waliondoka na maji kichwani na maneno mazuri masikioni. Siku hizo zimekwenda, wanangu, na mimi nazililia mpaka leo.

Zilikwendaje? Babu Kobe alistaafu. Akaagwa, akalishwa ubwabwa, akaanza safari ya kurudi kwake. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Mpaka siku ya hadithi hii alikuwa bado hajafika. Ukisimama dirishani ulimwona kabisa, pale kwenye mkunazi, anakwenda, kru, kru, kru.

Mahali pake akaja Kiboko.

Kiboko alipoajiriwa aliupita mlango akijibana kidogo tu. Siku ya kwanza alikitundikia mkeka kile kibao, akasema rangi yake inamuumiza macho. Siku ya pili akasema utaratibu umebadilika. Umebadilika vipi? Kila anayetaka kujua alete boga.

Sasa mtaniuliza, kwa nini wasiinue mkeka wakasoma? Nyinyi watoto wa siku hizi hamna adabu, ndiyo maana mnauliza. Kwa wanyama wale, kusoma tangazo na karani yupo ilikuwa sawa na kufunua chungu cha mwenyeji wako kuangalia amepika nini. Mtu mstaarabu anauliza. Basi Swala alikuja na boga akauliza. Ngiri alikuja na boga akauliza. Kanga walikuja kumi na wawili na boga moja, wakauliza kwa pamoja. Na Kiboko alikula, kwachu, kwachu, kwachu, akajibu anavyotaka.

Hatua mia kutoka pale, Babu Kobe aliyekijua kibao mstari kwa mstari alikuwa anapita. Hakuna aliyemuuliza. Si karani tena, wamuulize kwa nini?

Tuje kwa Pimbi. Mnamjua Pimbi. Mdogo, wa kahawia, mkia hana, anaishi kwenye mawe. Pimbi huyu alikuwa na mama yake, na mama yake alikuwa na homa ya siku nne. Maji ya kwenye mawe yalikuwa yamekauka. Midomo ya mama ilipasuka, na kila alipopata usingizi aliweweseka kuhusu ofisi.

"Babu Kobe bado anasoma?" mama aliuliza.

"Amestaafu, mama."

"Alikuwa anasoma vizuri. Akiniona mimi anasema, wewe mama wa kwenye mawe, magoti hayajambo?" Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Nenda mwanangu, ukaulize."

Kibandani kwao kulikuwa na maboga matatu tu. Pimbi akabeba moja, akaenda.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba."

"Mama yangu ni mgonjwa. Naomba kujua utaratibu wa maji."

"Lete boga."

Pimbi akatoa boga. Kwachu, kwachu, kwachu. Kiboko akajifuta mdomo. "Hilo ni boga la kuuliza. La kujibiwa liko wapi?"

Pimbi akarudi mbio, pata, pata, pata. Akaleta la pili.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Lete." Kwachu, kwachu, kwachu. "Jibu ni kwamba unahitaji muhuri. Boga la muhuri liko wapi?"

Pimbi akarudi mbio, pata, pata, pata. Mama hakufumbua macho safari hii. Pimbi akamwekea kitambaa usoni, na kitambaa kilikuwa kikavu, maana hakuna cha kukilowesha. Akabeba la tatu, na njiani kote alikuwa analia bila sauti.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Lete." Kwachu, kwachu, kwachu. Kiboko akaangalia jua. "Mwenye muhuri ni mimi, na mimi saa hizi napumzika. Njoo kesho, na usije mikono mitupu."

Akafunga dirisha, pa.

Kesho. Mama wa Pimbi hakuwa na kesho, na Pimbi alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Akakaa chini, mgongo ukutani, chini ya mkeka. Ndani Kiboko alianza kukoroma. Pimbi akatazama kushoto, akatazama kulia. Foleni ilikuwa imesinzia kwa joto. Moyo ukimdunda dudu, dudu, kama mwizi, akaingia chini ya mkeka. Akasoma.

Ilikuwa mistari sita. Ya kwanza ilisema mwenye kiu apite. Ya pili, ataje jina na anakotoka. Ya tatu, mwenye mgonjwa asisubiri. Ya nne, ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni. Ya tano, mtu asioge ndani ya chemchemi. Ya sita, ukitoka rudisha komeo.

Pimbi akaisoma mara mbili. Akatafuta neno boga. Akatafuta neno muhuri. Hayakuwepo. Mama yake alikuwa anakufa kwa kiu kwa sababu mwanawe ana adabu nzuri. Wanangu, hasira iliyompanda Pimbi pale haikuwa ya saizi yake.

Angeweza kupiga kelele. Lakini nani angemwamini, kidubwana kile, mbele ya karani? Na ufunguo wa lango ulikuwa shingoni mwa Kiboko. Kwa hiyo Pimbi hakupiga kelele. Aliangalia mlango wa ofisi, akaona kitu ambacho wote walikuwa wanakiona na hakuna aliyekifikiria. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka mwimo huu mpaka mwimo ule, na utando ulikuwa mzima, na una vumbi. Karani hajatoka nje miezi.

Pimbi akaokota kipande cha mkaa pale muuza chai wa foleni alipokuwa akipikia, akarudi chini ya mkeka, akaongeza mstari mmoja chini ya ile sita. Aliandika nini? Tulieni.

Kisha akamwamsha Ngiri. Wakabingirisha jiwe kubwa la mviringo mpaka mbele ya ofisi, gudu, gudu, gudu. Pimbi akalifunika majani ya maboga, mabichi, juu mpaka chini. Akagonga dirisha.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Nimesema kesho."

"Nimeleta boga la kesho. Ila haliwezi kupita dirishani."

Dirisha likafunguka. Kiboko akachungulia, akaona lile duara la majani, mate yakamdondoka, to, to, to.

"Tulikate vipande?" Pimbi aliuliza kwa heshima.

"Lisikatwe. Mtu asiliguse. Nakuja mwenyewe."

Kiboko akanyanyuka. Ofisi ikatikisika. Utando wa buibui ukakatika. Kikatoka kichwa. Ikatoka shingo. Yakatoka mabega, kwa shida. Halafu tumbo likafika mlangoni, yale maboga yote ya Swala na ya Ngiri na ya Kanga na ya Pimbi yakafika mlangoni kwa pamoja, yakakataa. Kiboko akasukuma mbele, hapana. Akarudi nyuma, hapana. Akakwama, nusu karani nje, nusu karani ofisini.

"Nivuteni," alisema.

Foleni nzima ikasogea. Ngiri akanyoosha mkono, Pimbi akamzuia.

"Subiri kwanza, kaka. Huyu ni mtumishi wa umma. Tutamvuta vipi bila kujua utaratibu? Lazima tuulize." Akamgeukia Kiboko. "Bwana Karani, tunaomba kujua utaratibu wa kumvuta karani aliyekwama."

"Utaratibu gani, we mtoto? Vuteni."

"Tusije tukakosea. Kwani haujaandikwa pale?" Pimbi akavuta mkeka, ukaanguka chini. "Mimi siwezi kusoma na wewe upo, nitaonekana sina adabu. Tusomee."

Jua lilikuwa linampiga Kiboko kwenye pua, na pale alipokwama kibao kilikuwa usoni pake kabisa. Akasoma. Mstari wa kwanza, mwenye kiu apite. Foleni ikatazamana. Mstari wa pili. Mstari wa tatu, mwenye mgonjwa asisubiri, na hapo sauti yake ilianza kupungua. Mstari wa tano, ule wa kuoga, aliusoma kwa kunong'ona, maana kabla hajanenepa alikuwa akijitumbukiza kila jioni.

"Boga liko mstari wa ngapi?" Swala aliuliza.

Kiboko akauharakisha mstari wa sita.

"Bado mmoja," Pimbi alisema. "Wa chini."

Kiboko akakunja uso. "Saba. Karani akishindwa kutoka ofisini kwake, kazi yake imekwisha, na ufunguo apewe aliyeuliza utaratibu mwisho." Akausoma tena kimoyomoyo.

Angeweza kusema mstari huo haukuwepo. Angesema hivyo, wangemwamini. Lakini angejuaje? Kiboko hajawahi kukisoma kile kibao hata siku moja. Kazi yenyewe alijifunza kwa kuuliza.

Pimbi akapanda juu ya jiwe lake, akamvua ufunguo. Ndipo wakamvuta, hamba, hamba, hamba, mpaka akachomoka, akaanguka pu juu ya boga la kesho. Lilikuwa gumu. Aliondoka anachechemea kwenda mtoni, na ndiyo maana mpaka leo Kiboko akiona watu wengi wamepanga mstari anazama.

Pimbi hakusubiri kupigiwa makofi. Alijaza ndoo, akarudisha komeo, akakimbia. Akamlowesha mama kitambaa. Akamtia maji mdomoni, tone, tone, tone. Jua lilipokuwa linashuka mama akafumbua macho, akashika ndoo kwa mikono miwili, akanywa mpaka akapumua.

"Nani amekusomea?" alisema.

"Nimejisomea mwenyewe, mama."

"Mwenyewe? Peke yako?" Mama akamshika shavu. "Maskini, mwanangu."

Asubuhi yake Pimbi alikaa dirishani, juu ya makopo matatu ili aonekane. Kibao kiko wazi, kimefutwa vumbi. Foleni ikaja. Wa kwanza alikuwa Swala.

"Hujambo, Bi Karani. Utaratibu ukoje?"

Pimbi akaonyesha ukutani. Swala akatazama ukuta. Akamtazama Pimbi. "Ndiyo, nimeuona. Lakini utaratibu ukoje?"

Ngiri akaja, akauona ukuta, akauliza. Kanga wakaja, wakauona ukuta, wakauliza kwa pamoja. Pimbi akataka kukasirika. Halafu akamkumbuka mama, na magoti yake, na ile sauti ya puani. Akashuka kwenye makopo, akatoka nje, akasimama mbele ya kibao. Moja. Mwenye kiu apite. Swala, yule mtoto wako amepona?

Ilimchukua mpaka jua kali. Hakuna aliyenung'unika.

Alipofunga dirisha alikwenda mpaka kwenye mkunazi. Babu Kobe alikuwa ameshaupita, kwa hatua nne.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama magoti hayajambo?"

"Hajambo, Babu. Nimekuja kukiri kosa. Kile kibao chako, nimekiongezea mstari."

Babu Kobe akavua miwani, akaifuta kwa taratibu zake, akaivaa tena.

"Uliuandika kwa mkaa?"

"Kwa mkaa."

"Ukaukolezee kwa rangi, mvua isije ikaufuta. Mimi nilipoanza kazi nilikuta mitatu tu." Akaanza tena safari yake, kru, kru, kru. "Ila unasoma haraka mno. Nimekusikia kutoka hapa."

Fundisho la hadithi hii, msikilize vizuri, maana sirudii. Ukifika ofisini usisome kitu chochote kilichobandikwa. Kusoma ni utovu wa adabu. Uliza karani, na ukiweza nenda na boga.

Mimi dirisha langu nimefunga, foleni imekwisha. Mwenye swali akasome ukutani.

Ukutani pameandikwa nini, Bibi?

Haya, sogeeni, niwasomee.