Mchanga wa Tangi la Zamani

Wapendwa katika Bwana, mama mmoja alifuga samaki wa baharini sebuleni kwake, ndani ya tangi la kioo. Mumewe alikuwa amepooza, na tangu augue, faraja yake ilikuwa kuwatazama samaki wale kutoka kitandani. Aliwapa majina. Aliwajua mmoja mmoja, kama mchungaji awajuavyo kondoo wake. Tangi lilipowabana, mama akanunua jingine, kubwa mara tatu, ili mgonjwa wake awaone vizuri zaidi.

Asubuhi akaja fundi wa matangi.

"Mama, samaki tunawahamisha, na mawe yao tunayahamisha. Mchanga huu wa chini, hapana. Nimekuja na mwingine safi. Huu wa zamani tuchote kikombe kimoja tu, juu juu, pale penye vijidudu vyema vinavyosafisha maji."

"Kikombe kimoja? Fundi, mchanga huu una miaka tisa. Ulikuwa unalea samaki wewe hujaota hata ndevu!"

"Umewalea, na umemeza uchafu wao wote. Mama yangu, hicho ni choo cha miaka tisa. Kimefunikwa tu."

Mama akacheka. "Wewe na mdomo wako!"

"Kama unaupenda hivyo, basi tuuoshe. Ndoo baada ya ndoo, kwa maji ya chumvi, mpaka yatoke meupe. Ni kazi ya siku nzima."

"Siku nzima, na mgonjwa ananisubiri? Nenda tu, baba. Nitauhamisha mwenyewe."

Fundi akaenda zake. Mama akaanza kuchota. Juu mchanga ulikuwa mweupe, wa kupendeza. Chini ulikuwa mweusi kama masizi, na ulinuka kama yai viza. Je, hakuuona? Aliuona, ndugu zangu! Harufu ilimfikia puani. Akafanya nini? Akatanguliza ule mweusi, akaufunika kwa ule mweupe, akajaza maji, akatia samaki, akaita kwa furaha, "Baba watoto, tazama!"

Lilikuwa tangi zuri sana. Saa nane mchana mgonjwa akasema, "Mke wangu, mbona wote wako juu wanatweta?"

"Wanazoea nyumba mpya."

"Wawili wamelala ubavu."

Mama akampigia fundi simu. Akaja mbio na madumu ya maji safi, lakini alipofika hapakuwa na samaki wa kuokoa.

Mgonjwa akamwuliza, "Miaka tisa waliishi juu ya mchanga huohuo. Kwa nini wafe leo?"

"Sumu ilikuwa imelala, mzee. Leo imechimbuliwa, ikamwagwa kwenye maji wanayopumua."

Mgonjwa akageuza uso wake ukutani.

Nawaona mnavyotikisa vichwa. Mnamhukumu mama yule. Msiwe wepesi hivyo! Jumapili ijayo sisi tunatoka chini ya mabati haya na kuingia katika kanisa jipya. Madirisha tumeyasugua, milango tumeipaka rangi. Na kilicho chini yetu, je? Humu mna watu waliogawanyika tulipochagua wazee wa kanisa, na hadi leo hawapeani mkono. Humu mna wanakwaya wawili wanaoimba sauti moja na hawasemezani. Humu mna mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na shemeji hao wamekaa mbele yangu asubuhi hii. Harufu imetufikia, nasi tunaifunika kwa mapambio. Israeli walikimbizwa na adui kwa ajili ya vitu vya wizi vilivyofukiwa ardhini, ndani ya hema la mtu mmoja tu. Sisi tumefukia katika mahema mangapi?

Sisemi tutupe kila kitu. Machozi ya mama zetu waliofunga na kuomba katika jengo hili tutayabeba, tena kwa heshima. Mungu wetu si mkatili; hamwiti mtu kwenye toba ili amwaibishe, bali ili aishi. Lakini hasira hizi hatuzihamishi zilivyo. Kuziosha kunachosha, na hakuna wimbo utakaotufanyia kazi hiyo.

Naanza mimi. Mzee Shekiondo, tafadhali simama. Katika kikao cha ujenzi nilikuita mpinga maendeleo mbele ya watu, kwa sababu ulisema ukweli nisioutaka. Miaka miwili nimekupa mkono mlangoni kila Jumapili, na moyoni sikukupa. Nisamehe, mbele ya watu walewale.

Nanyi, kila mmoja anamjua wake, na anajua amekaa benchi lipi. Inukeni mkamfuate. Kwaya, ketini, hatutaimba sasa.