Mchochea Moto Mzungushe Jiko

"Mchochea moto mzungushe jiko." Mmemsikia baba yenu akisema hivyo kikaoni, wajukuu zangu, mkadhani kalewa. Hakulewa. Methali hii ilianza hivi.

Katika chuo kimoja cha ufundi huko Singida, Mwalimu Tegambwage alikuwa akiunda injini ya roketi. Injini hiyo ilikula vitu viwili: mafuta ya taa, na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, baridi kuliko barafu yoyote. Oksijeni ndiyo mchochea moto. Bila hiyo mafuta hayawaki. Ili injini isiungue, Tegambwage alizungusha mafuta ya taa kwenye vijia ndani ya ukuta wa injini, yaupoze kabla ya kuingia motoni. Mafuta yakaungulia humo, masizi yakaziba njia, na injini mbili zikayeyuka kama mishumaa. Kwa aibu, mwalimu akawa anakwenda kula kwa njia ya nyuma.

Ikabaki injini moja.

"Ikiyeyuka na hii, karakana inakuwa banda la kuku," alisema mkuu wa chuo, na vifaranga alikuwa keshaagiza.

Ndipo Lusajo, mwanafunzi asiyemaliza kikao bila ugomvi, aliposema, "Mwalimu, tuizungushe oksijeni ukutani kwanza, ndipo iingie motoni."

"Mchochea moto ndiye apoze jiko? Kijana, unataka kutuzika?"

"Si ndiye mwenye baridi kuliko wote hapa?"

"Na ukuta ukitoboka?"

"Itavujia kule kule ilikokuwa inakwenda. Shikamoo, Mwalimu. Au una njia nyingine?"

Mwalimu alichukua spana akaanza kubadili mabomba. Aliitikia marahaba kwa uchungu.

Siku ya jaribio alijibanza nyuma ya mifuko ya mchanga, macho kayafumba, akitaja majina ya wazee wake wote. Injini ikanguruma. Alisubiri chuma kipasuke, hakikupasuka. Moto ulipozimwa, injini ilikuwa nzima, na mabomba yake yameota barafu. Tegambwage akalia kwa furaha mbele ya wanafunzi.

"Sasa vifaranga wangu nitawaweka wapi?" aliuliza mkuu.

Kikao kilichofuata, Lusajo aliposimama kugombana, mwalimu alimkabidhi birika. "Wamiminie wenzako chai kwanza, wote." Lusajo akazunguka, akimpa huyu pole na yule sukari. Alipofika mwisho akatoa hoja yake. Ilikuwa kali vilevile, lakini safari hii hakuna aliyeyeyuka.

Mchochea moto, wajukuu zangu, usimfukuze. Mzungushe jiko.