Kuku Aliyemchora Mwewe

Paukwa!

— Pakawa!

Kuku ana mkono?

— Hana! Ana mguu!

Na mguu wake wafanya nini?

— Wachakura!

Haya, semeni hivyo hivyo. Nikimaliza nitawauliza tena, tuone nani atakuwa na uso wa kujibu vile. Pukuchueni mahindi yenu, masikio nipeni mimi. Na wewe Mize, usininunie. Nilikuona asubuhi ulivyochana karatasi yako ukasema mkono wako mzito, hata ua moja la hina halikukubali. Sogea hapa mbele. Ngano ya leo ni yako.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, aliishi Kuku na vifaranga wake kumi na wawili. Na huko juu aliishi Mwewe. Leo Mwewe akachukua mmoja. Kesho akachukua mmoja. Kesho kutwa akachukua mmoja. Akachukua hivyo hivyo, mpaka wakabaki watatu tu: Punje, Chenga, na yule mdogo kabisa, Wishwa.

Kuku akalia, akasema, "Watatu hawa hawatoki. Wakitoka hawa, mimi ni mama wa nani?"

Sasa sikilizeni. Mwewe hapigi hodi, jamani. Kinachotangulia ni kivuli chake. Kivuli kinapita mchangani, na kabla hujasema "ah!", kucha zimeshafika. Na kifaranga ni mfupi, macho yake yako chini kwenye chakula. Haoni mbingu, anaona kivuli tu. Basi kikipita kivuli cha Njiwa, wale watatu mbio! Kikipita kivuli cha Kunguru, mbio! Siku nzima ni mbio, hawali, wamekonda. Na wakichoka kukimbia, ndipo anapopita Mwewe mwenyewe.

Kuku akawaita. "Wanangu, msikimbie kila kivuli. Mwewe ana mkia wa panda."

"Panda ni nini, mama?"

"Panda, kama tawi lililogawanyika."

"Tawi ni nini, mama?"

Wamezaliwa juzi, wangejua nini? Kuku akachoka. Akasema, "Maneno yamenishinda. Nitawachorea."

Lo! Kuku achore! Kuku ambaye hajawahi kuchora hata kijiti!

Akaenda kwa Pundamilia. "Shikamoo, Bwana Pundamilia. Mistari yako inapendeza. Nifundishe kupiga mstari."

Pundamilia akajigeuza, akajitazama ubavu, akajipenda. "Marahaba. Mistari hii nimezaliwa nayo, Bi Kuku. Haifundishwi. Na mguu wako huo, mama wee! Wewe huchori, wachakura!" Akacheka mpaka akakaa kitako.

Akaenda kwa Kanga. "Dada Kanga, sisi ni ndugu. Nukta zako zimepangika. Nifundishe walau nukta."

Kanga akajikung'uta manyoya. "Nukta hizi nimezaliwa nazo, ndugu yangu. Usije ukanitia aibu mbele za watu. Wewe huchori, wachakura!"

Kuku akarudi na machozi. Njiani akaona kitu juu ya jiwe: mstari mwembamba unaong'aa, umenyooka kutoka huku mpaka kule. Akaufuata, akaufuata, akaufuata. Mwisho wa mstari akamkuta Konokono.

"Hodi, fundi. Na wewe umezaliwa na mstari huu?"

"Karibu, mwanangu," akasema Konokono. "Mimi nimezaliwa mtupu, hata doa sina. Mstari huu naupiga mwenyewe kila siku. Wa kwanza ulipinda mpaka nikajikuta nimerudi nilikotoka."

Kuku akacheka, machozi yakiwa bado usoni. "Basi nifundishe. Nina wana watatu."

"Kazi ni tatu. Kwanza mstari. Kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye chungu cha maji. Ukinyooka, njoo."

Kuku akarudi, akaweka ukucha chini, akapiga mstari. Ukapinda. Akafuta. Akapiga. Ukapinda. Akafuta. Akawa anaimba:

*Piga, futa, piga tena,*
*Mguu wangu utanyooka.*

Wapita njia wakasimama. "Njooni muone, Kuku anachakura!" Kuku akafuta. Akapiga mpaka vumbi likampanda kifuani. Siku ya tatu mstari ukatoka mlangoni, ukaenda, ukafika kwenye chungu bila kuyumba. Akarudi kwa Konokono mbio.

"Vizuri. Sasa duara. Mguu mmoja usimame, mguu mmoja uzunguke."

Kuku akasimama kwa mguu mmoja, akazungusha wa pili. Akaanguka, pu! Duara likawa kama kiazi. Akafuta.

*Piga, futa, piga tena,*
*Mguu wangu utanyooka.*

Siku ya tatu duara likafunga, mwanzo ukakutana na mwisho. Akarudi kwa fundi, safari hii anatembea kwa maringo kidogo. Mwacheni aringe, kaitafuta haki hiyo.

"Mguu umeshajua," akasema Konokono. "Sasa macho. Nenda ukamtazame huyo unayetaka kumchora. Tazama mara tatu, chora mara moja."

Hapo Kuku akashtuka. Kumtazama Mwewe! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akawafunika watoto wake chini ya tenga, akasimama uani peke yake, hana pa kujificha. Kivuli kikapita. Akatazama mabawa, akajitupa kando ya tenga, kucha zikamkosa. Akachora: mabawa mawili, kichwa, basi.

Watoto wakachungulia. "Njiwa huyo, mama!"

Akafuta. Akasimama tena. Kivuli kikapita, kucha zikamng'oa unyoya wa mgongoni. Akachora: mabawa, kichwa, tumbo kubwa, mkia.

"Samaki huyo, mama!"

Ah, hapo Kuku alikasirika! Akaupiga mchoro teke, vumbi likatimka. Akasema, "Kweli mimi nachakura tu. Kweli walinicheka kwa haki." Akainama juu ya tenga ili awatoe watoto, waende wakaishi na bahati yao. Ndani ya tenga akawaona wale watatu wamebanana kwenye nafasi ya watoto kumi na wawili. Akalirudisha tenga chini taratibu. Akasimama uani mara ya tatu.

Kivuli kikapita. Safari hii hakutazama mabawa wala tumbo. Alitazama mkia. Akauona ulivyopasuka katikati, akaushika machoni, ndipo akaruka kando. Akaweka ukucha chini, polepole, akiimba kwa sauti ndogo. Bawa. Bawa. Kichwa. Mwili mwembamba. Mkia, na panda yake.

Akafunua tenga.

Punje akatoka, akatazama. Chenga akatoka, akatazama. Wishwa akatoka, akatazama, akapiga yowe, "Mamaaa!" Akakimbia mpaka uvunguni mwa ghala, akakataa kutoka.

Hakuna aliyemwambia huyo ni nani!

Kuku alisimama pale akicheka na kulia pamoja. Akapiga mabawa, akanyoosha shingo, akawika mithili ya jogoo, jambo ambalo mama kuku hafanyi. Alifanya. Alistahili.

Kesho yake kikapita kivuli cha Njiwa. Watoto wakatazama, wakaendelea kula. Kikapita cha Kunguru. Wakatazama, wakaendelea kula. Kikapita cha Mwewe. Yalaa! Uwanja mtupu!

Mwewe akashuka na kasi yake yote, akajibamiza mdomo mchangani. Akainuka anatema mchanga. Akatazama chini. Akamwona Mwewe mwingine amelala pale, mabawa yametanda.

"Nani kaniweka hapa chini?"

"Mimi," akasema Kuku. "Kwa mguu huu huu."

"Wewe? Wewe huchori, wacha…" Akajitazama kichwa, akajitazama mabawa, akajitazama mkia. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Akaruka zake na njaa yake.

Habari ikaenea. Jioni yake akaja Pundamilia, kichwa chini. "Bi Kuku, naomba unichoree Simba. Watoto wangu hawamjui vizuri."

"Simba sijamtazama mara tatu," akasema Kuku. "Lakini kaa hapo. Nitakufundisha mstari."

Pundamilia, na mistari yake yote mwilini, akaweka kwato chini, akapiga. Ukapinda kama utumbo! Kanga alikuwa amejificha nyuma ya ua, akacheka. Kuku hakucheka. Akasema tu, "Futa, piga tena."

Punje, Chenga na Wishwa wakakua. Wakawa na watoto wao, nao wakawachorea, na hao wakawachorea wao. Mwangalieni kuku huyo hapo anayedokoa mahindi yenu. Haya, mwangalieni. Anapiga mguu chini, anapiga tena. Anarudi nyuma hatua moja. Anainamisha kichwa, anatazama. Ninyi mnasema anatafuta mdudu. Anakagua kazi yake huyo.

Funzo lake ni hili. Pambo la kuzaliwa nalo si ufundi. Mwanzo wa kuchora ni kuchakura, na anayeona haya kuchakura hatachora. Mikono yangu hii imechora hina za maharusi wa mitaa saba, na ua langu la kwanza, Mize, bibi yangu alilitazama akaniuliza, "Huyu ni kaa?"

Basi, kuku ana mkono?

— Hana! Ana mguu!

Na mguu wake wafanya nini?

— Wachora!

Ahaa! Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanogea, ibebeni mkaimalizie kwenu. Isipowanogea, ifagieni uani, kuku wataichora upya.

Mize, okota kijiti.